Mstari Mwekundu, Mstari wa Kijani

Agosti 22, Ijumaa

Leo nimevua aproni ya hoteli kwa mara ya mwisho. Miaka thelathini na mmoja nimewapikia watu wanaokuja Vermont kuangalia majani yakigeuka rangi, na miaka yote hiyo mimi mwenyewe sijayaangalia vizuri, isipokuwa yale yanayoonekana kwenye dirisha la jikoni, juu ya mapipa ya taka. Vuli ikifika, mji wetu wote hufua mashuka na kukaanga mayai. Watu wa New Jersey ndio huona.

Kwa hiyo nimeamua. Oktoba tatu hadi sita, mimi na mume wangu Clayton, gari letu, na kamera niliyoinunua kwa mjane wa mpiga picha za harusi. Maporomoko saba ya maji, milima ikiwa imeiva. Nilimwambia wakati wa chakula cha jioni.

"Siku nne?" akasema.

"Siku nne."

"Za kuangalia majani?"

"Na maporomoko."

Akatafuna. "Maporomoko sawa."

Hiyo kwake ni hotuba. Clayton ni msimamizi wa barabara za mji: kiangazi anasawazisha vumbi kwa greda, kipupwe anasukuma theluji. Nitaandika ukweli kwa sababu hakuna atakayesoma daftari hili. Naogopa. Kazi ilikuwa ikinitoa nyumbani, na sasa tutabaki wawili mezani. Nimeishi miaka thelathini na minane na mtu ambaye ukimwonyesha mlima mzima umewaka rangi anasema "ndiyo", kisha anauliza kama matairi yana upepo. Nataka nisimame naye mahali pazuri nijue mara moja kama kuna kitu kinachomgusa, au niliolewa na greda.

Agosti 29

Hakuna mvua. Kijito cha nyuma ya nyumba kimebaki mawe na madimbwi mawili.

Septemba 2

Habari zimemfikia wifi yangu Priscilla, dada yake Clayton. Yeye ndiye mkuu wa jiko la kanisa, na Jumamosi ya kwanza ya Oktoba kanisa letu hulisha watu mia tatu pai ya kuku na maboga ya kuponda kwa awamu nne. Hakubisha hodi.

"Oktoba nne, wifi! Umechagua Oktoba nne!"

"Ndipo majani yanapoiva."

"Najua yanaiva lini. Kwani pai tunaipika lini, Pasaka? Nani ataponda maboga?"

"Yeyote mwenye mikono."

"Mikono! Haya, nenda. Kaangalie majani kama mtalii. Ukirudi utatuambia kama yanalika."

Aliondoka na bakuli langu kubwa. Sikumwomba alirudishe.

Septemba 5

Jioni nzima nimekuwa juu ya ramani. Nimechukua ya karatasi, maana kule kaskazini simu haishiki. Siku mbili za kwenda nimezichora kwa penseli nyekundu, siku mbili za kurudi kwa kijani, na kila poromoko nimelipa duara. Nimeitundika jikoni. Clayton aliitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia, akasema, "Mistari mingi."

Septemba 8

Tumegombana. Yeye ndiye aliyeanza, akiwa bado na vumbi la barabara kwenye nyusi.

"Tusubiri mvua," alisema. "Ukienda hivi utapiga picha ya ukuta wa mawe. Maji hakuna."

"Mvua ikija itaangusha majani yote."

"Basi yaanguke."

"Yaanguke! Clayton, nimeyasubiri tangu nina miaka thelathini."

"Mwakani yatakuwepo."

Nilitoka nikaenda kuanua nguo ambazo hazijakauka. Tatizo lenyewe ni hili, na linanikera kwa sababu nusu anasema kweli: mvua ikija tutapata maji tukose majani, isipokuja tutapata majani tukose maji. Lakini mtu anayesema "yaanguke" kwa sauti ile hajali, na hilo ndilo lililoniuma.

Septemba 11

Hakuna mvua. Kule kinamasini mti mmoja umeshakuwa mwekundu. Gari la watalii lilisimama kuupiga picha. Ule huwa mwekundu mapema kila mwaka kwa sababu mizizi yake inakaa majini. Miti yenye afya bado ni ya kijani.

Septemba 14, Jumapili

Tulikwenda kujaribu njia ya siku ya kwanza, saa mbili kwa gari, kwenye wilaya ambayo hata Clayton haijui. Nilimpa ramani nikamwambia, "Fuata mwekundu mpaka kwenye njia panda yenye ghala la mahindi, uniamshe." Nikasinzia.

Nilipoamka tulikuwa kwenye uwanja wa mfugaji, ng'ombe wanatutazama, na Clayton anageuza gari.

"Tuko wapi?"

"Njia imekwisha."

Nilichukua ramani. Palikuwa na njia panda, na pale mistari yangu miwili inakaribiana, mwekundu unaenda kulia na kijani kushoto. Yeye alikuwa amekwenda kushoto, maili kumi na nane.

"Huu ni wa kijani! Nilikwambia mwekundu!"

"Umeichora vibaya."

"Nimeichora vibaya? Huu mwekundu huu hapa! Mtoto wa chekechea angeuona!"

Alishika usukani kwa mikono yote miwili, na masikio yake yakabadilika rangi. Nilidhani ni hasira. Njiani kurudi nyumbani, kwa mara ya kwanza nilijiuliza kama anaharibu safari makusudi.

Septemba 15

Hakuna mvua. Tumezungumza kuhusu kahawa tu.

Septemba 17

Kitu cha ajabu. Nilikuwa dirishani naosha vyombo, Clayton yuko bustanini anachuma nyanya. Anaziminya. Moja moja, anaminya, anaacha, anaminya, anachuma. Amefanya hivyo miaka yote na mimi nimekuwa nikimtania kwamba anazisalimia. Leo nilisimama na sahani mkononi. Nyanya iliyoiva inaonekana kutoka huku dirishani. Kwa nini mtu aiminye?

Septemba 18

Nimefanya jaribio. Niko jikoni nachora upya ile njia panda, nikamwambia bila kuinua kichwa, "Nipe hiyo nyekundu hapo." Penseli mbili zilikuwa karibu na mkono wake. Akaokota moja, akaigeuzageuza kwenye mwanga, akasoma maandishi madogo ubavuni, kisha akanipa.

Ilikuwa nyekundu. Lakini alisoma.

Septemba 19

Jaribio la pili. Nimekwangua maandishi ya penseli zote mbili kwa kisu cha viazi. Najisikia mwizi. Nikaomba kijani. Akaniletea nyekundu.

"Asante," nikasema.

Sasa akili yangu haitulii. Namkumbuka akikataa kuchuma matunda ya msituni kila Julai eti mgongo unamuuma. Namkumbuka akiniuliza kila asubuhi ya Krismasi, "Hii tai inafaa?" Nilifikiri anatafuta sifa.

Septemba 21, Jumapili

Leo nitaandika mpaka mkono uchoke.

Alikuwa anapanga kuni. Kando ya banda kuna mti wa sukari, ule tunaougema Machi na kuchemsha utomvu wake, na tawi moja la juu limeshageuka, jekundu kabisa. Nilisimama karibu naye.

"Clayton, lile tawi lina rangi gani?"

"Limeanza kugeuka."

"Nimeuliza rangi."

Aliweka kuni moja, akaweka nyingine. "Wewe niambie," akasema.

"Jekundu."

"Basi ni jekundu."

"Unaliona?"

Akavua glavu, akakaa juu ya gogo. Sikuwahi kumwona akikaa kabla kazi haijaisha. "Naona tawi," alisema. "Rangi yake kwangu ni kama tope. Na yale ya kijani pia ni tope, labda tope bichi kidogo. Milima ikiiva, ninyi mnapiga kelele, mimi naona mlima ule ule wa Julai, umechoka."

"Tangu lini?"

"Tangu nizaliwe."

"Na hukuniambia?"

"Leseni ya lori, Noreen. Wanapima macho. Ningekosa leseni ningekosa kazi. Nilimwambia nani? Hakuna."

"Na taa za barabarani?"

"Mji huu una taa ngapi?"

"Hakuna hata moja."

"Haya. Na kule mjini ya juu ni simama."

Nilitaka kukasirika, lakini udadisi ulinitangulia. Nilimuuliza maswali kama polisi. Damu je? Nyeusi hivi. Lori la zimamoto? Kahawia. Njano? Njano anaiona vizuri, na buluu. Kisha nikauliza lile lililokuwa linanisubiri.

"Na nywele zangu?" Maana nilipokuwa msichana zilikuwa nyekundu hata walimu walinitambua kwa mbali.

"Nilijua ni nyekundu kwa sababu kila mtu alisema."

"Wewe uliona nini?"

"Mwendo," akasema. "Ulikuwa unatembea ukiinamia mbele, kama mtu aliyechelewa. Nilikuwa nakujua kabla hujakata kona."

Nilikaa kwenye gogo karibu naye.

"Lakini kwa nini mimi?" nikasema. "Mimi si ofisi ya leseni."

Alifikiri sana. "Vuli ile ya kwanza ulinipandisha kilimani. Ulikuwa unalia kwa furaha. Ukaniuliza, 'Si nzuri?' Nikasema ndiyo. Ukishasema ndiyo siku kama ile, unaanza lini kusema hapana?"

Akavaa glavu zake, tukapanga kuni zilizobaki.

Septemba 22

Asubuhi ndiyo hasira imekuja. Miaka thelathini na minane! Nimemwita mgumu, nimemwita kipofu mbele ya watu kwa utani, naye anacheka. Nimepika uji ukaungua.

Septemba 24

Priscilla alikuja kuchukua sufuria za kanisa. Sikuweza kuficha kitu usoni.

"Amekwambia," akasema.

"Wewe unajua?"

"Kwani mimi nimezaliwa na nani? Alipokuwa darasa la kwanza nilikuwa namwandikia majina kwenye kalamu zake za rangi. Mwalimu alimchapa mkono kwa kuchora nyasi nyekundu. Akaniapisha."

"Ulikuwa na miaka mingapi?"

"Tisa."

"Sasa una sitini na tano, wifi! Ungeweza kuniambia!"

"Ilikuwa yake ya kusema." Alipanga sufuria kwa kelele, kisha akanigeukia. "Na wewe, usinielewe vibaya, lakini hukuwahi kumuuliza anaona nini. Ulikuwa unamwambia."

Nilimfungulia mlango kwa adabu. Nilitaka kumpiga na mfuniko. Nimekaa na maneno yale siku nzima, na sijapata kosa ndani yake.

Septemba 27

Hakuna mvua. Redio inasema milima yetu itafika kilele wiki ijayo. Clayton amebadilisha oili ya gari, amekagua breki, ameweka blanketi nyuma.

"Tunaondoka tarehe tatu kama ulivyopanga," alisema. "Mimi naendesha, wewe piga picha. Umesubiri sana."

Siku nne. Angeendesha siku nne katikati ya matope, akisema ndiyo kila kona, ili mimi nifurahi. Nilikwenda chooni nikafungua bomba nikalia.

Septemba 29

Leo nimemuuliza. Hatimaye. Nilisema, "Kama safari ingekuwa yako, ungeenda wapi?"

Nilitarajia aseme popote. Badala yake akasimama mbele ya ramani, akaweka kidole juu kabisa, karibu na mpaka wa Kanada, ambapo sikuwa nimechora kitu.

"Hapa. Kuna kinamasi kikubwa, na maji yake yanatokea upande huu yanaanguka. Nilikwenda na mjomba kuwinda nikiwa na miaka kumi na saba. Pamejaa tamaraki."

Tamaraki nazijua, ni jamaa ya msonobari ila hupukutisha sindano zake. Sikuwahi kuzifikiria.

"Hizo huiva wiki ya tatu ya Oktoba," akasema. "Majani yenu yameshaanguka, watalii wameshakwenda. Zinakuwa njano."

"Na njano unaiona."

"Njano naiona kuliko wewe." Akaanza kutembea jikoni. Clayton, anatembea jikoni! Alisema jinsi maji yale yalivyo na rangi ya chai kwa sababu ya kinamasi, jinsi yanavyogawanyika mara tatu juu ya mwamba, jinsi povu linavyozunguka chini bila kutoka. Miaka arobaini na tano ameibeba picha hiyo. Kisha akasimama ghafla, kama mtu aliyejishtukia. "Lakini bila mvua hakuna kitu," akasema. "Twende tarehe tatu."

Septemba 30

Nimezipigia simu nyumba zote tatu za wageni, nimefuta vyumba nilivyokuwa nimeagiza. Mwenye ile ya mwisho aliniuliza kama nina wazimu, wiki hii kuna watu wanalala kwenye magari. Sitajidanganya: imeniuma. Nimengoja wekundu huu miaka thelathini na mmoja, na uko hapo nje ya mlango. Isiponyesha, nitakuwa nimekosa yote mawili, na Clayton atakuwa na hatia ambayo hakuiomba.

Oktoba 4, Jumamosi

Nimeponda maboga. Pauni tisini. Milima ilikuwa kwenye kilele chake, anga la buluu, hakuna upepo, siku ambayo watu huiota. Katikati ya awamu ya pili nilitoka na ndoo ya maganda nikasimama nyuma ya kanisa dakika kumi. Niliangalia vizuri, hatimaye. Rangi ni nzuri kama wanavyosema. Nilijaribu pia kuziangalia kwa macho yake, zote tope, nikashindwa.

Bibi mmoja mgeni aliniuliza mezani, "Nyie mnaoishi hapa, si mnachoka na uzuri huu?"

"Tunachoka na maboga, mama," nilisema.

Priscilla alicheka mpaka akakaa. Baadaye alinirudishia bakuli langu, limeoshwa.

Oktoba 7

Hakuna mvua.

Oktoba 9

Hakuna. Clayton anatoka nje kila alfajiri kunusa hewa. Haniambii kitu, nami simwulizi.

Oktoba 12

Mawingu. Yakapita.

Oktoba 13

Mvua! Ilianza saa nane mchana, nikiwa naanika soksi. Niliziacha zilowe.

Oktoba 14

Mvua na upepo usiku na mchana. Majani yote yako chini, yameziba mifereji, na Clayton yuko barabarani na koleo tangu asubuhi, amelowa chapachapa na anapiga mluzi. Mji mzima unasikitika. Mimi nimesimama barazani nikicheka peke yangu.

Oktoba 15

Kijito kinasikika kutoka chumbani.

Oktoba 19

Vijito vyote vimejaa. Clayton ameomba ruhusa ya siku mbili, mara yake ya kwanza tangu mazishi ya mama yake. Karani wa mji alifikiri anaumwa.

Oktoba 22, Jumatano

Tumefika. Barabara zilikuwa tupu, milima imekuwa ya kijivu, na njiani sikutoa kamera hata mara moja. Nilikuwa na wasiwasi. Je, kama moto uliunguza zile tamaraki, au walikata mbao? Miaka arobaini na tano ni mingi. Yeye pia alikuwa na wasiwasi, maana aliniuliza mara tatu kama nina njaa.

Tumekula sandwichi garini. Tunalala kwa mama mmoja mwenye paka sita. Kesho tunatembea maili mbili.

Oktoba 23

Tulianza kusikia maji kabla ya kuona chochote. Clayton alikuwa mbele, na goti lake bovu, akienda kasi kuliko mimi. Tukapanda kilima kidogo cha mwisho, akasimama. Nilifikiri amekuta pamekatwa.

Hapakuwa pamekatwa. Kinamasi chote kilikuwa kimesimama njano, mamia ya tamaraki kutoka hapa mpaka kwenye mlima, na chini yake maji meusi ya rangi ya chai yakianguka mara tatu, sawasawa na alivyosema. Sindano zilikuwa zinadondoka polepole bila upepo. Moja ikakaa kwenye nyusi zake.

Sikusema kitu. Hiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko kuponda pauni tisini za maboga. Nilitaka kusema tazama hii, tazama ile. Nikauma ulimi.

"Clayton," nikasema. "Unaona nini?"

Akaanza. Akanionyesha jinsi povu lilivyokuwa limekusanya sindano na kuzizungusha duara moja kubwa, ambalo mimi sikuliona mpaka alipoelekeza. Akanionyesha ndege wa kahawia aliyetulia kwenye nyasi za kahawia, hatua nne kutoka kwetu. Mimi ningemkanyaga. "Mnadanganywa na rangi," akasema. "Mimi naangalia umbo." Akanionyesha mahali maji yanapinda juu ya jiwe kabla hayajavunjika, pale yanapokuwa laini kama kioo. Niliweka kamera kwenye stendi, nikapiga kila alichonionyesha. Nikamwambia apige yeye, akapiga, akakataa kuacha.

"Ile ya mbali kabisa," nikauliza, "pembeni ya mwamba. Ni njano ya namna gani kwako?"

Alifikiri. "Ya mahindi yaliyochemshwa. Na kwako?"

Niliangalia tena ili nisimwambie uongo. "Ya mahindi yaliyochemshwa."

Akaniangalia mimi badala ya mti, muda mrefu, akafuta macho kwa mgongo wa glavu bila kujificha. Kisha akanishika mkono akanivuta upande wa pili wa maji, maana kulikuwa na kitu kingine huko alitaka nikione.

Betri ya kamera iliisha saa sita mchana. Tuliondoka saa kumi na moja.